Kadi za taroti baada ya maji kupungua: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni, Bagamoyo. Tangu masika ya 2024 yalipotuingilia majumbani, mimi na wenzangu watano au sita hukutana Jumamosi alasiri tukitoka kwenye kikoba. Tunatandika mkeka uani, tunazungumza habari za yale maji, na kinachotufungua midomo ni kasha la kadi za taroti. Habari imeenea, na sasa maswali yamekuwa mengi kuliko nguo za kushona. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake, ili mtu akiniuliza nimpe asome nami nirudi kwenye kazi.

Taroti ni nini? Si uganga huo?

Ni karata. Jumla yake 78. Zilianzia Italia ya kaskazini, karne ya 15, kwenye makasri ya matajiri wa Milano na Ferrara, na zilikuwa mchezo wa kupitishia jioni. Wafaransa wanaucheza mchezo huo mpaka leo, wanagombana juu ya pointi kama wazee wetu barazani. Mambo ya kutabiria yalikuja zaidi ya miaka 300 baadaye. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba kadi hizi ni elimu ya siri ya Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao, ila maneno yakishatoka hayarudi.

Mpwani aliyekulia kwenye nyumba yenye wacheza karata ana nusu ya elimu hii tayari. Kopa, shupaza, pao, uru: majina hayo tuliyapata kwa Wareno, na kwa lugha yao ni vikombe, panga, fimbo na dhahabu. Basi taroti ina vikombe, panga, fimbo na sarafu, kadi 14 kila aina. Zinazobaki, 22, ni kadi kubwa zenye majina kama Mnara, Nyota, Mwezi, Mauti. Waitaliano walikuwa wakiziita trionfi, na neno hilo ni ndugu wa trunfo ya Wareno, ambayo sisi tunaiita turufu. Nilipomweleza hayo bibi jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa, alizichukua akazipekua, akasema, "Kumbe ni karata zenye mapicha," akanirudishia.

Kasha langu niliachiwa na mgeni aliyepanga chumba kwetu. Picha zake ni zile zilizochorwa na Pamela Colman Smith, zikachapishwa London mwaka 1909 kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Huyo Pamela sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika. Ninazipenda kwa jambo moja: hata kwenye kadi ndogo kuna mtu anafanya kitu. Anabeba, analala, anavushwa, anahesabu pesa. Ukimwona mtu, una la kusema.

Kadi zingeweza kututabiria mafuriko au kimbunga?

Hapana. Na yeyote atakayekwambia zinaweza, mwulize kwa nini hakuhamisha godoro lake mapema.

Kimbunga Hidaya kilitangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, siku chache kabla hakijatukaribia. Kilipofika Mafia Mei 4, 2024 kilikuwa kimeshapungua nguvu. Vimbunga vinalelewa na bahari yenye joto, nyuzi 26 na nusu kwenda juu, na ili upepo uanze kuzunguka unahitaji msaada wa mzunguko wa dunia yenyewe. Karibu na ikweta msaada huo ni mdogo sana, ndiyo maana mwambao wetu, ulio nyuzi sita na ushei kusini, huponea mara nyingi wakati Msumbiji na Madagaska wanapigwa karibu kila mwaka. Huponea, si kwamba una kinga. Msimu wake ni Novemba hadi Aprili, na Hidaya alikuja Mei, msimu umeshafungwa, kama mgeni wa saa nne usiku.

Kwa hiyo kabla ya tukio, redio na matangazo ya TMA. Wakati wa tukio, Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Kadi zikae kabatini mpaka maji yapungue na matope yazolewe.

Sasa zina faida gani, kama hazitabiri?

Nitakueleza yaliyonipata mimi, maana nikianza kueleza kwa maneno ya jumla nitasikika kama mhubiri.

Kwangu maji yaliingia alfajiri kwa mlango wa nyuma, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nilipoamka yalikuwa yameshapanda mpaka kwenye pedeli ya cherehani. Cherehani ilipona, nikaipaka mafuta wiki nzima. Ambavyo havikupona ni vitambaa vya watu. Nilikuwa nimeviweka sakafuni kwenye mifuko, kuna kitenge cha sare ya harusi, doti sita, na juu yake mashati meupe ya shule. Kitenge kikachuja. Mashati yakageuka waridi, moja baada ya jingine, yamekunjwa vizuri kabisa kama nilivyoyaacha.

Wiki tatu nilisema nahuzunika. Watu walikuja kunipa pole, nikapokea. Jumamosi moja tukachomoa kadi, mimi nikatoa Kopa Tano. Picha yake ni mtu mwenye joho jeusi, kainamisha kichwa. Mbele yake vikombe vitatu vimemwagika, nyuma yake viwili vimesimama, na mbali kuna mto na daraja. Wenzangu wakaanza na lile linalosemwa siku zote: geuka, vipo viwili vilivyobaki. Ni kweli, wala halikunigusa.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa pembeni anachambua mchicha. Akanyoosha shingo, akatazama, akasema, "Huyo mtu mbona kajifunika kama anayemkimbia mdai?"

Nilicheka, halafu nikalia. Maana ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa nahuzunika, nilikuwa najificha. Simu za mwenye kitenge nilikuwa nazikata, na nikimwona mama wa yale mashati sokoni napitia njia ya mabucha. Mafuriko yalikuwa yamenipa joho zuri la kujifunikia, watu wote wananionea huruma, hakuna anayeniuliza. Jumatatu yake nilikwenda kwa mwenye kitenge. Alikuwa ameshajua zamani. Tulikubaliana nimlipe kidogo kidogo, na sijamaliza.

Faida ndiyo hiyo. Kadi haikujua chochote kuhusu kitenge. Mimi nilijua, na bibi mwenye macho makali alinitajia bila kukusudia. Ukimwuliza mtu "unajisikiaje baada ya mafuriko?" atakwambia "tunamshukuru Mungu," mazungumzo yameishia hapo. Mwonyeshe picha ya mtu mwingine mwenye shida, ataanza kumsema huyo mtu, na katika kumsema atajisema.

Nikitoa kadi ya Mnara ina maana balaa linarudi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ninalielewa. Mnara ni turufu ya 16: radi imepiga jengo refu, taji la juu limeng'oka, watu wawili wanaanguka vichwa chini. Mtu aliyetoka juzi kubomokewa ukuta akiiona picha hiyo anataka kuondoka.

Haina maana balaa linarudi. Ina maana balaa limeshakuwa, na una ruhusa ya kusema lilivyokuwa. Kwetu hapa ina utani wake pia, maana tunao mnara wetu, ule wa kanisa la zamani pale misheni, ambako mwili wa Livingstone, yule mmisionari msafiri, uliwekwa Februari 1874 baada ya watumishi wake akina Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Kila anayetoa kadi hii lazima aulizwe kama kaona mtalii. (Habari za jina Bagamoyo kutokana na "bwaga moyo" sitaziingiza hapa. Nimeshazisikia za kunitosha.)

Lakini kuna jambo zito zaidi kuhusu mahali pale, na vijana wengi hawalijui. Aprili 15, 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na mwambao huu. Majengo ya misheni, ambayo Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameyaanzisha 1868, yaliharibiwa vibaya. Upande wa Unguja, Sultani Barghash alipoteza meli zake, na mikarafuu mingi ya kisiwa kile ikang'oka. Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika. Basi Pemba ikawa ndiyo ya karafuu, na mpaka leo ndiyo inayoongoza.

Tuliwahi kuiweka Mnara karibu na Gurudumu la Bahati, ile ambayo mmoja anapanda na mwingine anashuka, tukaisimulia tufani ile. Mwanzoni hadithi ilikuwa tamu: Unguja kaanguka, Pemba kainuka. Kisha mwenzetu mmoja akauliza nani aliyepanda ile mikarafuu mipya ya Pemba. Walikuwa watumwa, na wengi wa watumwa wa visiwani walipitia fukwe kama hizi zetu. Tukanyamaza. Tangu siku ile mtu akisema "kila balaa lina heri yake" namwuliza heri ya nani.

Zinaweza kuonyesha nani kayaleta maji?

Usiniulize tena swali hili, tafadhali. Nalijua linakoelekea. Linaanza na mvua, linaishia kwenye mlango wa bibi kizee anayeishi peke yake.

Nakupa majina ya waleta maji ninaowajua mimi: mvua nyingi kuliko kawaida, mtaro uliojaa chupa za plastiki, nyumba zilizojengwa kwenye mkondo (yangu mojawapo, na niliuziwa kiwanja wakati wa kiangazi), na mikoko iliyokatwa. Hayo yanajadiliwa kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya mwenyekiti, si kwenye mkeka wangu.

Hata hivyo hasira ipo na ina haki ya kusemwa. Mwenzetu mmoja, aliyevushwa kwa mtumbwi upande wa mto Ruvu, alitoa Panga Sita. Ni picha ya chombo, mwenye upondo kasimama nyuma, mbele mwanamke kajitanda na mtoto ubavuni, wote tunawaona migongo. Wengine tukasema ah, hawa wanakwenda salama. Yeye aliitazama muda mrefu akauliza, "Nauli kalipa nani?" Ndipo tukajua kwamba hasira yake haikuwa juu ya mto hata kidogo. Ilikuwa juu ya jirani aliyemtoza nauli yeye na wanawe, maji yakiwa kiunoni. Alisema mambo mengi siku ile, mengine siwezi kuyaandika. Alipomaliza aliomba maji ya kunywa, akaanza kuuliza bei ya ufuta.

Dini inasemaje?

Sitakudanganya ili nikupate. Mimi ni Mwislamu, na naijua hadithi iliyo katika Sahih Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arobaini. Wakatoliki nao Katekisimu yao, namba 2116, inakataza kila namna ya kubashiri. Katazo ni la kutafuta ya ghaibu. Sisi hatuulizi yajayo, hatuulizi yaliyofichika, tunatazama picha na kuzungumza yaliyotupata. Kwangu mimi tofauti hiyo inatosha. Sheikh mmoja niliyemweleza alisikiliza mpaka mwisho, akasema bora niache, kwa sababu leo ni mazungumzo, kesho atakuja mtu wa kuuliza mume. Na kweli, alikuja. Kwa hiyo simbezi yule sheikh. Mwezi wa Ramadhani kasha silifungui.

Kama moyo wako umesita, achana na kadi kabisa. Tumia kanga. Sisemi kwa mzaha, tumeshafanya: kila mmoja alete mbili tatu, zirundikwe katikati, mtu afumbe macho avute moja, asome jina lake kwa sauti, aseme linamgusa wapi au linamkera wapi. "Subira yavuta heri" ilimkera mama mmoja aliyekuwa amesubiri mabati ya msaada mpaka amechoka, na mazungumzo ya siku hiyo yalikuwa bora kuliko mengi ya kadi.

Mauti je?

Turufu ya 13. Kwa kawaida inasomwa kama mwisho wa jambo, si kifo cha mtu. Lakini palipokufa mtu kweli, usimletee mfiwa tafsiri za kitabuni. Mimi naitoa kabla sijachanganya.

Nianzeje? Mnauliza maswali gani?

Usinunue kitabu kwanza. Kaeni wachache mnaoaminiana, kadi zikae kifudifudi, kila mtu achomoe moja. Kisha aseme anachokiona kabla ya mtu yeyote kumwambia "maana yake." Aanze na vitu: kuna mbwa, kuna ngazi, huyu hana viatu. Watu wa haraka wanaruka hatua hii na ndiyo yenye kazi yote.

Baada ya hapo tunayo maswali tuliyozoea. Huyu mtu kwenye picha anaogopa nini? Kuna nani ambaye hayumo kwenye picha na alipaswa kuwemo? Wewe siku ile ungekuwa umesimama wapi? Ukiwa peke yako andika kwenye daftari, dakika kumi, bila kurudi nyuma kusahihisha. Kadi moja inatosha. Naona watu mtandaoni wanapanga kumi kwa umbo la msalaba, mimi zikizidi tatu najikuta natafuta hadithi nzuri badala ya ya kweli.

Mwiko wetu ni mmoja: hakuna kumtafsiria mtu kadi yake kwa nguvu. Bi Mkubwa peke yake ana msamaha, na hata yeye anadai alikuwa anasema picha tu.

Niko Pangani. Kwetu hakuna siku moja ya maafa, bahari inatula kidogo kidogo. Inafaa?

Inafaa, na pengine inafaa zaidi. Mafuriko yana tarehe, watu wanakuja na unga na blanketi. Bahari inayokula ufukwe haina siku ya kupewa pole. Wewe wa Pangani unakijua Maziwe: zamani kisiwa chenye miti, leo fungu la mchanga linalopotea maji yakijaa. Hakuna aliyekaa matanga ya Maziwe.

Kadi ya kukaa nayo ni Mwezi. Kuna bwawa, kuna mnyama kama kamba anatoka majini, mbwa wawili wanabweka, mmoja wa nyumbani na mmoja wa mwitu, na njia inapita katikati kwenda mbali. Vitabu vya Wazungu vinasema ni kadi ya hofu na mambo yasiyoonekana sawasawa. Sisi tunaoishi kwa bamvua na maji mafu tunajua mwezi unafanya nini kwa bahari, hatuhitaji kufumbiwa. Jaribu kuuliza hivi: ni kitu gani nimekiona kikiondoka taratibu, nikajizuia kukisema kwa sababu jana kilikuwepo? Mvuvi mmoja wa huko aliyenitembelea alijibu mara moja: kaburi la babu yake.

Watoto washiriki?

Waliopatwa na maafa wapewe karatasi na rangi wachore wenyewe. Picha za watu wanaoanguka si za kuwaonyesha. Ukiwa na wasiwasi juu ya mtoto, wako au wa jirani, kuna simu ya bure ya mtoto, 116.

Lini nisitumie kadi?

Msiba ukiwa mbichi. Sisi tumejiwekea mpaka arobaini ipite, na hata hapo mfiwa aombe mwenyewe.

Pia usitumie kama mwili umeanza kusema kuliko mdomo. Mwenzetu mmoja kila mvua ikigonga bati alikuwa anakusanya watoto na vyeti, anakaa mlangoni mpaka kunapambazuka. Zaidi ya mwezi ulikuwa umepita. Hapati usingizi, hali chakula, akisikia maji bombani anashtuka. Huyo hatukumchomolea kadi, tulimsindikiza hospitali ya wilaya, akaonana na mtu wa afya ya akili. Hakupenda, alidhani tunamwita mwendawazimu. Anaendelea vizuri. Mvua bado inamwamsha, ila siku hizi anarudi kitandani.

Unatoza shilingi ngapi?

Sitozi. Anayekutoza kukusafisha nyota au kukuondolea mkosi wa mafuriko anakuuzia tope lako mwenyewe. Kuja na kashata, karibu.

Kadi zenu hazikulowa siku ile?

Zililowa. Kasha lilikuwa kwenye droo ya chini. Nilizianika juu ya bati kama dagaa, zikajikunja, nikazipiga pasi katikati ya vitambaa. Nne zilikwenda na maji, tatu ni kadi ndogo wala sizikumbuki sana, ya nne ni Nyota, ile ya mwanamke aliyepiga goti ukingoni, mguu mmoja majini, anamimina maji kwa magudulia mawili.

Binti yangu alichora nyingine kwenye boksi la viatu, kwa kalamu ya wino wa bluu. Mwanamke wake kavaa kanga na anatumia kata, na nyota zake ziko saba kwa sababu nafasi iliisha. Boksi ni nene kuliko kadi nyingine, kwa hiyo ukichanganya inakwama, na ukipitisha vidole unaijua hata ukiwa umefumba macho. Nimeshawaona wenzangu wakiitafuta makusudi, wakivuta taratibu huku wametazama pembeni. Najifanya sioni.